Polio Haipigi Hodi: Funzo la Dadaab kwa Wazazi wa Voi

Tarehe 30 Aprili 2013, mtoto wa kike wa miezi 4 karibu na kambi ya Dadaab, Garissa, alilegea viungo ghafla. Vipimo vikaonyesha polio. La kutisha zaidi, watu wawili waliokuwa karibu naye, wazima kabisa, walikutwa na virusi hivyo hivyo. Mwaka ulipokwisha, Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 14, na jirani zetu wa Somalia 194.

Mkasa huo ulitanguliwa na dalili nyingi. Kusini na kati mwa Somalia, wanamgambo walikuwa wamezuia kampeni za chanjo kwa miaka kadhaa, na watoto wengi mno wakakua bila kinga. Kenya nayo ilikuwa imeonywa mapema. Baada ya miaka 22 bila polio, ugonjwa ulirudi mwaka 2006 kupitia Garissa. Mwaka 2009 ukaingia Turkana. Mwaka 2011 ukazuka Rongo, kaunti ya Migori, mbali kabisa na mpaka wa Somalia. Kila mara watoto walichanjwa kwa haraka, hofu ikapoa, nasi tukasahau.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sisi wa Voi ni rahisi kusema Dadaab ni mbali, na hapo ndipo tunapoweza kuteleza. Mji wetu uko njia panda. Malori ya Mombasa na Nairobi hupita usiku na mchana, treni hushusha abiria, barabara ya Mwatate na Taveta hutufikisha Holili, Tanzania, na wafugaji huleta mifugo yao kwenye maranchi yetu. Mgeni anaweza kubeba virusi bila kujua, kama anavyoweza mwenyeji anayerudi safari, kwa sababu wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa. Wengine hupata homa, maumivu ya kichwa, kutapika na shingo kukaza, nasi tukadhani ni malaria.

Takriban mtu mmoja kati ya 200 wanaoambukizwa hupooza, mara nyingi miguu, na hapati nafuu. Kati ya kila 100 waliopooza, 5 hadi 10 hufa misuli ya kupumua inaposhindwa kufanya kazi. Hata aliyenusurika polio utotoni anaweza, miaka mingi baadaye, kuanza tena kuishiwa nguvu. Dawa ya kuponya polio haipo.

Virusi hutoka kwa kinyesi na kuingia kinywani kupitia maji, chakula na mikono michafu. Choo safi na sabuni husaidia, lakini ngao yenyewe ni chanjo: matone mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, pamoja na sindano ya polio katika wiki hiyo ya 14. Mtoto akizaliwa nyumbani, matone ya kwanza husahaulika. Kazi za shamba zikibana, kliniki huahirishwa. Ndivyo pengo linavyoanza, na linaweza kuanzia nyumbani kwangu au kwako.

Utasikia watu wakisema matone yenyewe huleta polio. Ukweli ni kwamba virusi dhaifu vya matone vikizunguka muda mrefu miongoni mwa watoto wasiochanjwa, vinaweza kubadilika na kupata tena nguvu ya kupoozesha. Mwaka 2018 virusi vya aina hiyo vilipatikana katika majitaka ya Eastleigh, Nairobi. Vinakomeshwa kwa kuwachanja watoto wote, si kwa kuikimbia chanjo.

Basi ndugu msomaji, fungua kitabu cha kliniki cha mwanao leo. Ukiona dozi imekosekana, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu; muuguzi atakuelekeza namna ya kuifidia. Na mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 akilegea mkono au mguu ghafla, usimkande nyumbani wala usingoje. Mfikishe hospitali siku hiyo hiyo, kinyesi chake kipimwe mapema, watoto wa majirani wapate kuokolewa.