Bustani Iliyonyauka na Jina la Uvivu

Mwezi wa Mei katika nyanda za Dodoma ni mwezi wa kuhesabu. Mvua iliyoanza Desemba imekwisha, na vumbi limerudi njiani. Mwenye shamba ahesabu magunia ya mtama na uwele. Mwenye kibustani uani ahesabu maboga, mashina ya nyanya yaliyosalia, na mlenda ulioanikwa juani uwe mboga ya kiangazi. Hesabu hiyo yafaa. Lakini haikawii kuzaa hesabu nyingine, ya kuwahesabu watu: huyu hodari, yule mvivu. Je, mavuno ni shahidi wa kweli juu ya mtu?

Sisi wenyewe tulipata jibu la kutuaibisha. Tulipanda nyanya safu mbili, tukatia samadi, tukazimwagilia kila jioni maji yaliyooshewa mboga. Februari jua likawaka majuma matatu pasipo tone, nazo zikanyauka zikiwa na maua. Wakati huohuo, nyuma ya jiko, juu ya rundo la majivu, mmea wa boga uliojiotea wenyewe ukatambaa mpaka ukutani, ukazaa maboga saba. Wageni waliyasifu, nasi, twakiri, tulizipokea sifa zile.

Hatusemi kwamba jembe ni bure. Asiyepanda havuni, na boga la jalalani si kanuni ya kilimo. Wavivu wapo, nao wana lawama yao. Lakini mwenye kutaka kumjua mvivu na amtazame Novemba, wakati wa kutayarisha shamba, asingoje kuchungulia ghala yake mwezi wa Mei. Huku mvua ya mwaka mzima haizidi sana milimita 600, nayo hunyesha kwa viraka: upande huu wa kilima watu wamelowa, upande wa pili wameona wingu tu. Anayepanda mapema huweza kudanganywa na mvua ya kwanza, miche ikafa. Anayengoja huweza kuachwa na msimu. Wote wawili walifikiri sawasawa, na mmoja tu ataitwa mwenye akili.

Wazee wa Ugogo walilijua jambo hili. Njaa kuu ya Mtunya, ya miaka 1917 hadi 1920, iliwakuta baada ya majeshi ya vita kuu kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Kisha mvua nayo ikakosekana. Nani angethubutu kuwaita wavivu waliokufa wakati ule? Desturi zao zilifuata maarifa hayo. Mtu alikabidhi baadhi ya ng'ombe wake kwa rafiki wa mbali, wasiwe wote mahali pamoja pasiponyesha. Na aliyekosa chakula alikwenda kuhemea kwa jamaa aliyepata, akijua kwamba mwaka mwingine njia hiyo itakanyagwa kinyume.

Twasema haya kwa sababu ya jirani yetu mmoja, mama mjane. Mwezi wa Machi tulipopita penye ua wake, palikuwa peupe kama kiganja. Tulisema, tena mbele ya watoto, kwamba hajali. Baadaye tukapata habari kuwa alikuwa amepanda mara tatu, na mbegu za mara ya tatu alizikopa. Watoto walikuwa wamekwisha kuyasikia maneno yetu, nao huyakumbuka maneno ya namna hiyo kuliko katekisimu.

Tulikuwa na maboga saba tusiyoyafanyia kazi. Kumpelekea kulikuwa rahisi. Kumpelekea bila kumfanya mwombaji kulitusumbua siku mbili. Mwishowe tulikwenda na watoto kumwomba mbegu za mlenda, kwa maana zake ni nzuri na zetu zimekwisha. Alitufungia konzi mbili katika kitambaa. Maboga matatu tukayaacha kizingitini.