Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 14: Mgonjwa aliye mbali na kwao



Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, Allah Subhaanahu wa Taala amewataja pamoja mgonjwa na msafiri. Wote wawili amewaruhusu kula na kulipa siku nyingine, akatujulisha kwamba anatutakia wepesi. Leo tumtazame mtu mwenye mzigo wa wote wawili: kibarua mgonjwa aliye mbali na kwao.

Hapa Tabora tunawajua. Msimu huu wapo Urambo, Kaliua na Sikonge, wanachuma tumbaku na kukesha na moto wa mabani. Wengine wapo hapa mjini, wanabeba magunia na kuchanganya zege. Kwa nje wanaonekana wana nguvu, lakini wamo wenye sukari, wenye presha na walio kwenye dawa za kifua kikuu.

Mmoja wao, mtu mzima, aliniuliza baada ya Tarawehe: "Shekhe, mimi nina sukari. Nikionekana nakula mchana, msimamizi atajua naumwa, kesho hanipi kazi. Si bora nifunge tu?"

Jamani, swali hilo ni zito. Mtu anahatarisha roho yake kwa kuogopa kukosa kibarua. Basi tuseme wazi.

*Kwanza,* daktari akikwambia kufunga kutakudhuru, kula. Huo ni udhuru, wala usione haya. Ukitarajia kupona, utalipa. Ikiwa ugonjwa ni wa kudumu na huwezi tena kufunga, utatoa fidya: kila siku kibaba kimoja cha chakula chetu, kama mchele au mahindi, kwa maskini. Asiye nacho, Allah anaijua hali yake. Na unaweza kula faraghani, si lazima kumweleza kila mtu ugonjwa wako.

*Pili,* usiache dawa kwa sababu ya Ramadhani. Mwulize daktari kama zinaweza kuhamia futari na daku, usijipangie mwenyewe. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida ni miezi 6, na ukizikatisha ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu. Zinatolewa bure katika vituo vya serikali. Ukihama shamba, omba uhamisho kituoni kabla hujaondoka.

*Tatu,* kutoboa kidole kupima sukari hakubatilishi funga, kwa kauli ya wanazuoni wengi wa zama zetu. Mwenye sukari ukianza kutetemeka, jasho likakutoka ghafla, macho yakaona giza, fungua hapo hapo. Kunywa kitu cha sukari, usingoje Magharibi.

Sasa na wewe unayeajiri. Katika Hadithi ya Abu Dharr, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba walio chini ya mikono yetu ni ndugu zetu. Tusiwatwike kazi inayowashinda, na tukiwatwika, tuwasaidie. Kumfukuza mtu kwa sababu anameza vidonge, utamjibu nini Allah?

Mji wetu huu umejengwa na migongo ya watu. Wapagazi walipita hapa kati ya Ujiji na Bagamoyo na mizigo ya kilo 30 hivi, na waliougua wengi waliachwa njiani. Misafara imekwisha. Lakini kibarua anayelala na homa kwenye chumba cha kupanga, hakuna anayegonga mlango wake, naye ameachwa njiani.

Kazi ya leo ni ndogo. Kabla ya futari, mwendee kibarua mmoja wa mtaani kwako, mwulize: "Ndugu yangu, dawa unazo? Umepima lini?" Akihitaji nauli ya kwenda Kitete, changa na jirani yako. Na mwenye ndugu shambani, amtumie ujumbe huu.

Allah awaponye wagonjwa wetu, awarudishe salama makwao, na atupe macho ya kuwaona. Aamin.

Wabillahi tawfiq.