Kuzichunguza Kazi za Bwana

Masomo: Zaburi 111, Waebrania 11:1-3, 1 Wathesalonike 5:19-22



Katika mji wa Cambridge, Uingereza, iko maabara ya fizikia iitwayo Cavendish, iliyofunguliwa mwaka 1874. Juu ya mlango wake wa kale imechongwa kwa Kilatini aya ya pili ya Zaburi ya 111. Aya hiyo yatufundisha kwamba matendo ya Bwana ni makuu, na kwamba wale wayafurahiao huyatafuta kwa bidii. Maabara ilipohamia majengo mapya pembeni mwa mji katika miaka ya 1970, aya ileile iliandikwa tena mlangoni, safari hii kwa Kiingereza. Ndani ya jengo lile la kale ndimo J. J. Thomson alimoitambua elektroni mwaka 1897, chembe ndogo ambayo leo ndiyo mtumishi wa kila redio na kila simu. Waaminio na wasioamini walipita chini ya neno lile la Zaburi wakienda kazini.

Twaanza na mlango huo kwa sababu neno "kwantamu" limeanza kusikika miongoni mwetu, wala halisikiki mahali pema kila mara. Vijana wetu hulikuta masomoni, nao hurudi nyumbani na maswali ambayo wazazi hawana majibu yake. Wengine hulisikia sokoni na katika simu, ambako huuziwa bangili za kwantamu, na mashine za kwantamu zidaizo kupima mwili mzima kwa dakika moja. Wako hata wahubiri walitumiao neno hilo ili mahubiri yao yaonekane ya kisomi. Basi si vema sisi Wakristo tulikimbie neno hili, wala si vema tulimeze bila kulitafuna. Tulichunguze.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Kila mhunzi ajua kwamba chuma kikitiwa motoni huwa chekundu kwanza, kisha rangi ya chungwa, na moto ukizidi huelekea kuwa cheupe. Wataalamu walitaka kujua sababu yake, lakini hesabu zao zilikataa. Mwaka 1900, huko Berlin, Max Planck aliona kwamba hesabu hukubali ikiwa tutasema kuwa nishati ya nuru haitolewi kama maji yatiririkayo, bali kwa vipimo, kama sukari iliyofungwa katika pakiti. Utapata pakiti moja, au mbili, au tatu. Nusu pakiti haiuzwi. Kipimo hicho kikaitwa kwantamu, kutokana na neno la Kilatini liulizalo "kiasi gani?"

Mwaka 1905 Albert Einstein, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya kusajili uvumbuzi mjini Bern, Uswisi, alikwenda mbele zaidi. Alisema kwamba nuru yenyewe husafiri kwa vipimo hivyo. Tufikiri juu ya mwembe. Ukiurushia majani makavu mia moja, embe halianguki; jiwe moja dogo laliangusha. Vivyo hivyo nuru nyekundu, hata ikizidishwa, haiwezi kung'oa elektroni katika baadhi ya madini, ilhali nuru ya urujuani, hata ikiwa hafifu, huzing'oa mara moja. Wingi wa nuru si kitu. La maana ni uzito wa kila kipimo. Kwa maelezo haya Einstein alipewa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1921.

Hapo ndipo ajabu ilipoanza. Kwa karibu miaka mia moja wataalamu walikuwa na ushahidi imara kwamba nuru ni mawimbi, kama viduara vinavyoenea ziwani mtu atupapo jiwe. Ushahidi huo haukufutwa. Nuru ikionyeshwa njia hii hutenda kama mawimbi, na ikionyeshwa njia ile hutenda kama chembe. Tena si nuru peke yake. J. J. Thomson tuliyemtaja alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1906, na sifa yake kuu ni kuonyesha kwamba elektroni ni chembe. Mwanawe, G. P. Thomson, aliyefanya kazi huko Aberdeen, Uskoti, alipewa tuzo hiyo mwaka 1937 pamoja na Mmarekani Clinton Davisson, kwa kuonyesha kwamba elektroni hutenda kama mawimbi. Baba alisema chembe, mwana akasema mawimbi, na wote wawili walisema kweli.

Mwaka 1927 Werner Heisenberg, Mjerumani, alionyesha kwamba kuna mpaka wa kujua. Kadiri ujuavyo kwa uhakika mahali elektroni ilipo, ndivyo usivyoweza kujua kwa uhakika mwendo wake. Na hili si kwa ubovu wa vyombo. Ndivyo mambo yalivyo. Pia yapo mambo ambayo hesabu hutuambia kwa jumla tu. Iko namna ya kaboni ambayo nusu yake huoza katika miaka ipatayo 5,730. Jumla yake twaijua sana, hata mifupa ya kale hukadiriwa umri kwayo. Lakini ukichagua atomu moja, hakuna mtaalamu awezaye kukuambia kama itaoza kesho au baada ya miaka elfu kumi.

Huenda mtu akasema, "Hayo ni ya wasomi, yatuhusu nini?" Yatuhusu kila siku. Bamba la sola juu ya paa la nyumba yetu hufanya kazi kwa sababu vipimo vya nuru ya jua hugonga silikoni na kuzifungua elektroni, nazo zikatembea katika waya na kuwasha taa. Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, haikuwezekana pasipo elimu hii. Na ndani ya simu moja ya leo zimo transista kwa mabilioni. Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960, na sasa yatumika kutibu macho hospitalini. Mwaka 1955, huko Teddington, Uingereza, ilitengenezwa saa iongozwayo na atomu za sesiamu, na tangu mwaka 1967 sekunde moja huhesabiwa kuwa mitikisiko 9,192,631,770 ya nuru ya atomu hiyo. Saa za atomu zimo katika setilaiti, na kwa msaada wake simu humwonyesha dereva njia asiyoijua.

Basi sisi tuliosoma Waebrania tusishangae mno. Mwandishi wa waraka ule atuambia kwamba vitu vinavyoonekana havikufanywa kwa vitu vilivyo dhahiri. Hakuwa akifundisha fizikia, wala tusimfanye mwalimu wa fizikia; alikuwa akisema habari za Neno la Mungu aliyeumba. Lakini moyo wa Mkristo umezoezwa kukubali kwamba macho si mwisho wa yaliyopo.

Katika haya yote twaona mafundisho matatu.

Kwanza, unyenyekevu. Wataalamu hawakuipenda habari ya nuru kuwa na tabia mbili, lakini waliipokea kwa sababu ndiyo waliyoikuta. Hawakuiamuru nuru iwe vile walivyotaka. Kanisa nalo lilipita njia inayofanana na hiyo. Mitume walimwona Bwana Yesu akichoka, akilala, akilia. Tena walimwona akisamehe dhambi na kufufuka katika wafu. Hawakutupa ushuhuda mmoja ili kuuponya mwingine. Ilipofika mwaka 451, Mtaguso wa Kalkedoni ulikiri kwamba yeye ni Mungu kweli na mtu kweli. Hatusemi kwamba nuru yathibitisha Umwilisho. Mfano si ushahidi. Twasema tu kwamba mtu mwenye akili hana haja ya kuona aibu akiukubali ukweli usioingia wote katika neno moja.

Pili, tusimfiche Mungu katika yale tusiyoyajua. Wako wasemao, "Hakuna ajuaye atomu ipi itaoza kesho, basi hapo ndipo Mungu alipo." Huko ni kumpa Mungu chumba kidogo, na kesho mtu akipata ufunguo wa chumba hicho, je, atahamishiwa wapi? Mungu wetu ni Mungu wa yale tuyajuayo pia. Yeye ndiye aliyeweka sheria zinazoifanya sola iwake, sawasawa na yale yaliyofichika. Hapa twamkumbuka John Polkinghorne, mtu wa Kanisa letu la Anglikana. Alikuwa profesa wa fizikia huko Cambridge, akichunguza chembe ndogo kuliko zote. Mwaka 1979 alikiacha kiti chake cha uprofesa akaenda kusomea uchungaji. Aliwekewa mikono kuwa shemasi mwaka 1981 na kasisi mwaka 1982, akatumika katika parishi ya kijiji cha Blean, katika Kent. Hakuiacha fizikia kwa kuichukia. Mwaka 1984, akiwa kasisi, alitoa kitabu cha kueleza kwantamu kwa watu wa kawaida, naye aliendelea kuandika juu ya sayansi na imani hadi uzee wake. Alifariki mwezi Machi 2021, akiwa na umri wa miaka 90. Vijana wetu mnaoulizwa kama mtasoma sayansi au mtamfuata Kristo, mkumbukeni mzee huyu, wala msikubali kuchaguzwa hivyo.

Tatu, na hili ndilo lililotusukuma kuandika, tujaribu mambo yote. Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wasiudharau unabii, lakini papo hapo akawataka wapime kila kitu na kushika lililo jema. Mmoja wa akina mama zetu alishikishwa kifimbo cha chuma kilichofungwa kwenye kompyuta. Baada ya dakika chache alipewa karatasi iliyoorodhesha hali ya ini, figo, moyo na mifupa yake, akaambiwa kwamba ni kipimo cha kwantamu. Kisha akauziwa dawa za unga za fedha nyingi, akaziacha tembe zake za shinikizo la damu. Alipofikishwa hospitalini alikuwa hawezi kusema. Twamshukuru Mungu yu hai, ingawa mkono wake mmoja haujarudi.

Ndugu zetu, kipimo cha kweli kitumiacho elimu ya kwantamu kipo, nacho ni ile mashine kubwa ya sumaku katika hospitali kubwa, ambayo mgonjwa hulazwa ndani yake. Mwili wetu umejaa maji, na ndani ya maji mna haidrojeni. Viini vya haidrojeni vikiwekwa katika sumaku yenye nguvu takriban mara 30,000 kuliko sumaku ya dunia, kisha vikapigiwa mawimbi ya redio, hujibu, na kutokana na majibu hayo hupatikana picha. Kazi hiyo yahitaji sumaku ya thamani kubwa, muda wa kutosha, na daktari aliyesomea kuzisoma picha hizo. Kifimbo cha kushika mkononi hakiwezi kuyasoma maini ya mtu. Kilichokopwa hapo ni jina tu.

Vilevile wako wanaofundisha kwamba, kwa kuwa kuipima elektroni huibadilisha, basi mawazo ya mtu hubadilisha ulimwengu: ukiwaza utajiri, utajiri utakuja. Haifuati. Kinachoibadilisha elektroni ni chombo kinachoigusa, hata kama hapana mtu chumbani wa kukiangalia. Sala si kuulazimisha ulimwengu kwa mawazo yetu. Sala ni mtoto kumwomba Baba, ambaye aweza kusema ndiyo, na aweza kusema ngoja.

Kwa hiyo wazee wa kanisa na wachungaji tumekubaliana haya. Tangazo la vipimo au dawa za namna hiyo halitasomwa kanisani mwetu, wala hazitauzwa katika uwanja wa kanisa, hata kama mwuzaji ni muumini mwenzetu. Umoja wa Akina Mama wamekubali kumsindikiza hospitalini yeyote aogopaye kwenda peke yake. Yeyote atumiaye tembe za daktari asiziache kwa neno la mwuzaji. Akiwa na shaka, arudi kwa daktari aliyempa. Tena tunapomwombea mgonjwa na kumwekea mikono, tusimwambie kwamba kumeza dawa ni upungufu wa imani. Mungu aliyemwumba daktari ndiye aliyeyaumba pia mambo ambayo daktari huyachunguza.

Mwisho, tusiwacheke waliodanganywa. Mtu mwenye maumivu hushika lolote linaloelea. Ikiwa mwuzaji alimsikiliza mama yetu kwa nusu saa, na sisi hatukupata hata dakika tano za kumjulia hali, basi mlango ule tuliuacha wazi sisi. Tuwatembelee wagonjwa wetu kabla wengine hawajawatembelea.

Tuombe:

Ee Mungu Mwenyezi, uliyeumba nuru, na kila chembe yake waijua, utujalie kuzifurahia kazi zako na kuzichunguza pasipo hofu. Uwape vijana wetu bidii katika masomo na uthabiti katika imani. Utukinge na uongo uliovikwa mavazi ya elimu, na uongo uliovikwa mavazi ya dini. Uwaponye wagonjwa wetu, uibariki mikono iwahudumiayo, utupe sisi sote upendo usiochoka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.