Khiari ya Mgonjwa ni ya Nani?

Tumeulizwa na ndugu mmoja, msomaji wa karatasi hii kwa siku nyingi: Mgonjwa akiambiwa na daktari kwamba maradhi yake yana njia tatu za kutibiwa, na kila njia ina dhara yake, je, ni nani mwenye kukata shauri? Ni mgonjwa mwenyewe, au mumewe, au wazee wake, au daktari? Na akizikataa zote tatu akasema, "Mimi namwachia Mwenyezi Mungu," je, huko ndiko kutawakali?

Twakiri kwamba swali hili limetukuta tukiwa na haya. Jambo hilihili lilipita katika nyumba ya mmoja wetu, na sisi tuliotakiwa shauri hatukutenda kama ilivyopasa. Basi hatutajibu kwa kauli za vitabuni peke yake, bali tutaeleza lililotokea, na jina la mwenyewe tutaliacha.

Alikuwa mama kijana, mwalimu wa chuo cha watoto, naye ana mtoto wa miezi mitano anayenyonya. Kidogo kidogo akaanza kukonda, hali yuala kuliko alivyozoea. Usiku halali. Mikono ikatetemeka hata kikombe kikawa chagonga kisahani. Moyo wampiga mbio naye amekaa kitako. Yeye aliyejulikana kwa upole akawa na hasira za ghafula, na akimaliza kukasirika hulia. Kisha macho yakatokeza, yakawa kama ya mtu aliyeshtuliwa. Waliomwona walisema nini? Walisema ana pepo. Akapelekwa kwa mganga, ukafukizwa ubani, akatakiwa mbuzi, na miezi miwili ikapotea.

Wasomaji wetu waujua msimamo wetu juu ya ngoma za pepo, wala hatuna haja ya kuurudia. Lakini tuwatendee haki wale wazee: hawakuzua uwongo. Dalili walizoziona zilikuwapo, nazo ni zilezile alizoziandika daktari siku alipomtazama. Kosa lao ni kuona alama sawasawa na kuipa jina lisilo lake.

Jina lake ni hili. Chini ya kikoromeo kuna tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, ambayo madaktari huiita thairodi. Tezi hiyo humimina katika damu kitu kinachoamrisha mwendo wa mwili wote: pigo la moyo, joto, tumbo, usingizi, hata hasira na furaha. Kwa mama huyu, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na maradhi, ilikuwa imekosea njia ikawa yaichochea tezi ifanye kazi bila ya kupumzika. Wazungu huyaita maradhi haya kwa jina la Robert Graves, tabibu wa Dublin aliyeyaeleza mwaka 1835, na Wajerumani kwa jina la Basedow, aliyeyaeleza mwaka 1840. Na katika karne ya 12 Ismail al-Jurjani, tabibu aliyeandika kwa Kiajemi, alikwisha kutaja uvimbe wa shingo pamoja na macho kutokeza. Hayo twayataja kwa sababu kuna wanaodhani kwamba kila jina la maradhi lililotoka hospitali ni la kigeni kwetu.

Jirani mmoja akashauri mgonjwa ale samaki wengi na chumvi ya iodini. Nia yake ilikuwa njema, walakini alichanganya mambo mawili. Rovu la watu wa milimani, wasiopata iodini ya kutosha katika chakula, ndilo liliponywa kwa chumvi, na kwa ajili yake serikali ya Kenya ililazimisha chumvi itiwe iodini tangu mwaka 1978. Maradhi ya mama huyu hayakutokana na upungufu huo, na kumzidishia iodini huenda kukamzidishia madhara.

Sasa tuje kwenye njia tatu, na hapa twaomba msomaji atuvumilie, kwani asiyezijua hawezi kulipima shauri.

Ya kwanza ni vidonge vya kuizuia tezi, mashuhuri katika nchi yetu kikiwa ni kabimazoli. Hunywewa kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na damu hupimwa mara kwa mara. Wema wake ni kwamba tezi yabaki mahali pake, na mama anyonyeshaye aweza kuvitumia kwa kipimo kidogo, akiangaliwa. Dhara yake ni kwamba karibu nusu ya watu, wakishaacha dawa, maradhi huwarudia. Tena kuna jambo la nadra lakini zito: kwa mtu mmoja katika mia kadhaa, dawa hii huziua chembe nyeupe za damu, kwa hiyo mwenye kuitumia akipata homa na kuumwa na koo, aache dawa mara moja na aende akapimwe damu siku hiyohiyo. Na mwanamke akitaka kuchukua mimba yampasa amwambie daktari kabla, kwa kuwa dawa hii katika miezi mitatu ya mwanzo yaweza kumdhuru mtoto, na ipo nyingine ya kubadilishia.

Ya pili ni iodini ya mionzi, ambayo daktari Saul Hertz alimpa mgonjwa kwa mara ya kwanza huko Boston mwaka 1941. Tezi haina akili ya kupambanua iodini na iodini. Huivuta ndani, nayo huiunguza polepole kwa muda wa wiki na miezi. Hakuna kisu. Lakini hapewi mwenye mimba, wala anyonyeshaye mpaka amwachishe mtoto wake kabisa. Na akishaipata hukaa mbali na watoto wadogo kwa siku kadhaa, wala hachukui mimba kwa miezi sita. Macho yaliyokwisha kutokeza huenda yakazidi, khasa kwa mvutaji sigara.

Ya tatu ni kuikata tezi. Maradhi huondoka upesi. Lakini nyuma ya tezi hupita mishipa ya fahamu ya sauti, na kando yake kuna vitezi vinne vidogo vinavyoangalia chokaa ya damu; mkono usio na mazoea waweza kuvidhuru, mtu akabaki na sauti ya mkwaruzo au ganzi ya vidole. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Andalusia, bingwa wa upasuaji wa zama zake, aliandika juu ya uvimbe huu wa koo akabainisha upi wa kukatwa na upi wa kuachwa. Kujua lini usikate nako ni ubingwa.

Tezi ikiisha kukatwa yote, mtu hunywa kidonge cha kushika mahali pake umri wake wote, na wengi wa waliopewa iodini ya mionzi huishia hapohapo. Neno "umri wote" liliwatisha jamaa kuliko kisu. Twasema, wakumbuke yaliyompata Theodor Kocher wa Bern, Uswisi. Daktari huyu alizikata tezi nyingi kwa ustadi, kisha alipowaita wagonjwa wake awatazame aliwaona waliokatwa tezi yote wamevimba uso, akili zimekuwa nzito, na watoto wameacha kukua. Mwaka 1883 alisimama mbele ya wenziwe akayasema hayo yaliyotokana na mkono wake mwenyewe, na akaacha kuwakata wenye rovu tezi nzima. Mwaka 1909 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi hii. Wakati ule alipokiri hapakuwa na kidonge. Hata mwaka 1891 George Murray wa Newcastle alipomdunga mwanamke mmoja maji ya tezi ya kondoo, akaishi miaka 28 baada ya hapo. Leo kidonge hicho, levothairoksini, hutengenezwa kwa kemia, nacho aweza kukinywa mfungaji kabla ya daku au wakati wa kulala. (Katika nchi nyingine bado huuzwa dawa ya tezi kavu ya nguruwe, mwenye kununua na aulize.)

Mgonjwa akiyaacha yote hayo asitibiwe, moyo huchoka na kwenda mrama, damu huweza kuganda na kumleta kiharusi, mifupa hudhoofika, na mara nyingine maradhi hupanda ghafula yakaua. Basi je, kuacha ni kutawakali? Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alizigawa sababu za kuondoa dhara mafungu matatu: za yakini, kama maji kwa kiu na mkate kwa njaa, za dhana yenye nguvu, kama dawa za matabibu, na za kuwazia tu. Kuacha za yakini, alisema, si kutawakali, na penye khatari ya kufa ni haramu. Katika madhehebu yetu ya Kishafi wengi walisema kujitibu ni sunna wala si faradhi, na wako waliowajibisha palipojulikana kwa yakini kwamba dawa yaponya na kuiacha kwaua. Sisi twaona kwamba dawa za maradhi haya, zilizokwisha kujaribiwa kwa makumi ya miaka, zimekaribia fungu la mkate kuliko wengi wadhanivyo. Anayezikataa zote kwa sababu ya khofu aseme "nina khofu", na khofu ina haki ya kusikilizwa. Asiipe jina la ibada. Wallahu aalam.

Lakini kosa letu halikuwa hapo. Tulikutana barazani wanaume watano: mumewe, ami yake, na sisi watatu wa darasa, pamoja na nyanya yake aliyekaa mlangoni. Tukaona fahari kwamba tumemwondoa mgonjwa mikononi mwa mganga. Tukazipima njia zote tatu kwa kirefu. Mumewe akasema safari za Nairobi kwa ajili ya iodini zitamshinda. Ami akasema vidonge ni kuahirisha jambo tu. Mmoja wetu, na twamtaja kwa kuwa amekubali kutajwa kuwa ni mmoja wetu, akasema kisu ndicho cha mkato. Tukaafikiana kisu. Tukasoma Fatiha.

Nyanya akasema, "Mwenye shingo yuko chumbani."

Hakuna aliyekuwa amemwita. Alikuwa ukutani nyuma yetu, ananyonyesha, na kila neno alikuwa amelisikia. Alipokuja, ami akamweleza tuliyoafikiana. Naye akasema kwa adabu, "Ami, nina maneno matatu, nipeni ruhusa." La kwanza, sauti. Kazi yake ni kuwasomesha watoto Kurani. Je, tumemwuliza daktari atakayemkata ni nani na amekata shingo ngapi? Hatukuuliza. La pili, mtoto. Alikuwa amenuia kumnyonyesha miaka miwili. Je, ipo njia isiyomnyang'anya mtoto haki yake? Ilikuwapo, na tulikuwa tumeipita kwa kuwa ni ya polepole. La tatu hatukuweza kulijibu mara moja: "Nikishika vidonge, na baada ya mwaka na nusu maradhi yakarudi, mtasema niliwaasi?"

Tulinyamaza kitambo. Kwa kweli tungesema hivyo, na ndiyo maana tulinyamaza.

Wanazuoni wa fikihi walipozungumza juu ya dhamana ya tabibu walishurutisha idhini ya mgonjwa, akiwa baleghe na mwenye akili zake. Idhini ya walii ni ya mtoto na asiye na akili. Mama huyu si mtoto, na akili zake tulikuwa tumekwisha kuzitetea mbele ya waliosema zimechukuliwa na pepo. Tukawa tumezitetea kwa mganga, kisha tukazipuuza barazani petu. Ni ipi tofauti baina yetu na yule mganga? Naye pia hakumwuliza; alimwuliza pepo.

Tutaambiwa kwamba mume ndiye mlipaji. Ni kweli, na haki yake ni kusema kiasi anachoweza, waziwazi, ili mgonjwa alitie hilo katika mizani yake. Lakini fedha haimpi mtu kujua kiatu kinapombana mwenzake. Tutaambiwa tena kwamba mgonjwa huenda akachagua vibaya. Huenda. Nasi pia tulikuwa twachagua, kwa sababu mbaya: tulitaka lishe upesi ili tupumzike sisi. Palipo na njia moja tu ya kuokoa roho, ni wajibu wetu kusema kwa nguvu na kubembeleza. Lakini palipo na njia tatu ambazo daktari mwenyewe amesema zote zafaa, tofauti yake haiko katika elimu ya daktari peke yake. Iko katika kile ambacho mgonjwa hayuko tayari kukipoteza, na hicho hakionekani katika kipimo cha damu. Kazi ya jamaa ni kumletea khabari zilizo kamili na kuuliza asiyoweza kuuliza, na kumwambia mapema kwamba matokeo yakiwa mabaya hawatamtupia lawama. Hilo la mwisho ndilo zito kwetu sote.

Ami yake alilijibu, baada ya kitambo kile. Alisema, "Mwanangu, yakirudi, tutakaa tena hapa, nawe utakaa nasi tangu mwanzo."

Mama akachagua vidonge, kwa kipimo kidogo. Mikono imetulia, usingizi umerudi, na chuoni husikika mpaka njiani. Macho hayajarudi yote. Muda wa dawa umebaki miezi miwili, kisha ataacha na kungoja, naye ajua kwamba nusu ya watu hawavuki salama. Amekwisha kusema kwamba maradhi yakirudi atakubali kisu, kwa kuwa mtoto atakuwa ameachishwa ziwa, na amemtaka mumewe aanze sasa kumtafuta daktari mwenye mazoea ya shingo. Mumewe ameanza kuuliza.