Asiyejua Mwendo Wake

Je, mtu hulaumiwa kwa asilolijua? Suala hili ni kongwe, na wenye hekima wamelipima kwa mifano ya mahakama, ya utawala na ya vita. Hapa nataka tulitazame kwa mfano mdogo zaidi, ambao mafundi wa magari wameuzoea: gari kuukuu ambalo mshale wake wa spidi umekufa, na dereva wake yu njiani, asijue anakwenda kwa kasi gani.

Tulichukue gari la Land Rover Series III, lililotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, tuliweke katika barabara itokayo Handeni kwenda Korogwe, kilomita 65 hivi ndani ya Mkoa wa Tanga. Zamani barabara hiyo ilikuwa ya vumbi na makorongo, nayo yenyewe ndiyo iliyokuwa kipimo: aliyezidisha mwendo aliambiwa na mgongo wake kabla ya kuambiwa na mshale. Leo ni lami, na lami haisemi kitu. Gari huteleza kupita vijiji vya Wazigua, ambako watoto huvuka kwenda skuli, na ambako sheria yataka mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Neema ya barabara imeondoa kipimo cha mwili. Kwa hiyo haja ya kipimo cha chombo imezidi.

Dereva mzoefu atajibu kwamba sikio lake lamtosha, maana aijua sauti ya injini yake kama mama aijuavyo sauti ya mwanawe. Jawabu hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Aliyekwenda kasi kwa muda mrefu huzoea kasi. Akipunguza mwendo huhisi kwamba anatambaa, ilhali bado anakimbia. Hudhani yuko 50, kumbe yuko 70, na katika mwendo wa 70 nguvu ambayo breki zapaswa kuizima ni karibu mara mbili ya ile ya 50. Tofauti hiyo haiumizi sikio la dereva. Anayeilipia ni yule avukaye.

Basi na tuufuate ugonjwa wenyewe. Katika gari la namna hii, kebo ya spidi hutoka kwenye giaboksi hadi nyuma ya dashibodi. Ni uzi wa chuma uliosokotwa, unaozunguka ndani ya ala yake. Juu, uzi huo huzungusha sumaku. Karibu na sumaku pana kikombe cha alumini ambacho hakiguswi na chochote, ila huvutwa na umeme unaozaliwa ndani yake, huku kamani nyembamba ikikizuia. Mvutano huo ndio unaoinua mshale. Mjerumani Otto Schulze aliisajili hekima hiyo mwaka 1902.

Fundi mwema haanzi kwa kununua spea. Huanza kwa kuuliza. Mshale umekufa, je, tarakimu za masafa nazo zimesimama? Kama zaendelea kuhesabu, kebo ni nzima na maradhi yamo katika saa yenyewe. Kama vyote viwili vimesimama, huifungua kebo upande wa juu, akauvuta uzi. Ukitoka kipande, umekatika. Ukiwa mzima, hutazama kipinioni cha kwenye giaboksi. Na mshale ukitetemeka kama wenye homa, huenda uzi umekauka grisi, au kebo imepindwa kupita kiasi.

Hata akishaona kwamba uzi umekatika, fundi huyo hutaka kujua sababu yake. Huenda saa iliyo juu imekwama, ikaugomea uzi hata ukashindwa. Akitia kebo mpya bila kuuliza, nayo itakatika. Wahenga walisema mjumbe hauawi; na hapa tuna mjumbe aliyekufa akipeleka habari kwa asiyetaka kuipokea. Ndiyo maana fundi kwanza huihakikisha saa, kisha huilinganisha kebo mpya na ya zamani kwa urefu, huipaka grisi kidogo, akiiacha sehemu ya juu ili grisi isipande ndani ya saa, na huipitisha bila kona kali.

Lakini wako wasiotaka itengenezwe. Kebo ikifa, tarakimu za masafa nazo hulala, na gari halizeeki katika vitabu. Yuko muuzaji ambaye huifungua kebo kwa mkono wake, akatembelea gari miaka, kisha akamwambia mnunuzi kwamba halijatumika sana. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa methali imekuwa kweli kwa hesabu: njia aliyoipita imefupishwa hata ikawa haipo. Atakayeijua ni mnunuzi, siku bei zilizofichwa zitakapomdai.

Sasa twaweza kulirudia suala letu. Dereva ambaye kebo yake imekatika dakika hii, naye hajatambua, ana udhuru. Lakini mshale uliolala kwenye sifuri, gari likiwa mbioni, ni habari tosha. Tangu aione, ujinga wake si bahati mbaya tena, ni mali yake aliyochagua kuihifadhi. Hawezi kumwambia mama wa mtoto kwamba hakujua mwendo wake. Alijua kwamba hajui, na hilo lilitosha kumpunguza mwendo na kumpeleka kwa fundi.

Haishangazi kwamba watu huichelewesha kazi hii. Taa ikifa, mwenye gari ndiye ashindwaye kuona. Breki zikifa, huogopa roho yake. Kipimo kikifa, hapungukiwi na kitu, ila amempoteza shahidi ambaye aghalabu humshuhudia dhidi yake. Kumrudisha shahidi huyo kwa fedha zako mwenyewe, tena wakati hapana aliyekulazimisha, ni uadilifu mdogo usioonekana na mtu. Kebo yenyewe hujificha nyuma ya dashibodi. Kinachoonekana ni gari linalopunguza mwendo kabla ya kijiji, na mtoto anayevuka bila kujua kwamba alihesabiwa.