Marehemu Ndani ya Faili: Kukumbuka na Kusahau Kyela

Uchaguzi wa programu ya kompyuta ya kuchezeshea video huhesabiwa kwa kawaida kuwa jambo la mafundi. Hata hivyo, wilayani Kyela na katika vijiji vya ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kutoka Itungi hadi Matema, ambako mazishi na kwaya za Kilutheri na Kimoraviani zimerekodiwa kwa kamera na simu za kila namna, uchaguzi huo unagusa suala ambalo wanafalsafa wa dini wa Afrika Mashariki wamelijadili kwa muda mrefu, nalo ni nafasi ya marehemu miongoni mwa walio hai.

Faili ya video ina tabaka mbili zisizopaswa kuchanganywa. Ya kwanza ni chombo, yaani mpangilio wa nje unaoshikilia picha na sauti pamoja, kama AVI, MKV, MP4, au 3GP iliyozoeleka katika simu za miaka ya 2000. Ya pili ni kodeki, yaani kanuni ya kihesabu inayobana picha na sauti ili zichukue nafasi ndogo, kisha ikazifungua wakati wa kutazama. Ndiyo maana MP4 moja, iliyobanwa kwa H.264 ya mwaka 2003, yaweza kuonekana vizuri, na nyingine, iliyobanwa kwa H.265 ya mwaka 2013, ikatoa sauti pasipo picha, ingawa ndani yake hakuna kilichopotea.

John Mbiti, kasisi wa Kianglikana na mwanafalsafa wa Kenya, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy, kwamba marehemu hubaki katika kipindi alichokiita Sasa maadamu wapo waliomjua na wanaomkumbuka kwa jina, na kwamba anapofariki wa mwisho wao, marehemu huzama katika Zamani. Video inaivuruga hesabu hiyo, kwa kuwa mjukuu aliyezaliwa baada ya mazishi anaijua sura ya babu yake na hata namna alivyokohoa kabla ya kuhutubia. Kumbukumbu iliyotegemea pumzi ya jamaa sasa inategemea kodeki, na kodeki ina wenyewe: nyingine zimefungwa kwa hataza, yaani haki ya mvumbuzi kudai malipo, hivyo programu iliyokuja na kompyuta huweza kuzikataa.

Kukabili tatizo hilo, njia mbili zinapendekezwa. Moja ni kugeuza kila faili iwe ya fomati moja, na udhaifu wake ni kwamba mbano wa kawaida hutupa sehemu ya picha, hivyo kila ubanaji mpya hupunguza kilichosalia, na uso uliokwisha pungua haurudi. Nyingine ni kuiacha faili ya asili kama ilivyo na kutafuta programu inayozisoma zote. VLC, iliyoanza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris nchini Ufaransa na kutolewa mwaka 2001 kwa leseni huria, yaani ruhusa ya kuitumia, kuinakili na kuirekebisha, hubeba kodeki nyingi ndani yake, na ikishawekwa kwenye kompyuta kwa flashi haihitaji intaneti. Kwa anayeona kwamba picha ya marehemu si mali ya kupunguzwa hovyo, njia ya pili ndiyo ya haki zaidi.

Hata hivyo, hoja ya kutunza kila kitu inakutana na pingamizi zito kutoka Unyakyusa kwenyewe, yaani nchi ya Wanyakyusa ambayo Kyela ni sehemu yake. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu ibada za ukoo kwamba taratibu za msiba zililenga kwanza kumtenga marehemu na jamaa zake, aondoke katika ndoto zao, na baadaye tu kivuli chake kikaribishwe tena nyumbani. Kusahau kulikuwa kazi yenye utaratibu wake, si uzembe. Jeneza linalofunguliwa upya kwenye skrini kila jioni linaivunja kazi hiyo kabla haijakamilika. Wamisionari wa Kilutheri na Kimoraviani, waliofika eneo hilo mwaka 1891, walileta fundisho jingine ambalo nalo linaipunguzia faili uzito: ikiwa marehemu anakumbukwa na Mungu, ufufuo wake hautegemei picha yoyote, na video inabaki kuwa faraja ya walio hai, jambo ambalo kwa mfiwa si dogo.

Pingamizi hilo, likichunguzwa, linahusu wakati wa kutazama, wala halihusu uwezo wa kuifungua faili. Flashi iliyofungiwa kabatini hadi matanga yaishe ni uamuzi wa ukoo. Faili isiyofunguka kwa kukosa kodeki ni usahaulifu ulioamuliwa na kampuni isiyomjua marehemu. Ugumu mkubwa zaidi uko kwingine, kwani nakala ya video ya mazishi ya Ipinda, wilayani Kyela, imo pia katika simu za watoto walioko Mbeya na Dar es Salaam, na mzee wa ukoo aliyeweza kuamuru lini marehemu aachwe apumzike hana tena mamlaka juu ya skrini asizoziona.