Dawa au Mtoto?

Mama mmoja aliyefunga ndoa miaka 3 iliyopita anasumbuliwa na jambo ambalo huenda liko nyumbani kwako pia. Kila asubuhi humeza kidonge kwa sababu tezi iliyo mbele ya shingo yake, ambayo madaktari huiita thairoidi, haifanyi kazi ya kutosha. Mtoto bado hajapatikana. Mama mkwe amemwambia kwamba dawa za kila siku ndizo zinazomfunga tumbo. Mumewe, ambaye kwa kawaida ni mtu mpole, amechoshwa na maneno ya watu, na juzi akamwambia, "Chagua basi: dawa au mtoto." Sasa mama huyu anafikiria kuvitupa vidonge vyake. Anasema, "Nikiumia, na niumie. Je, mama hapaswi kujitoa kwa ajili ya mtoto wake?"

Swali hili halimhusu daktari peke yake. Linagusa dhamiri ya mume na mke, nasi tulitazame polepole.

Tuanze na neno hilo, kujitoa. Anayejitoa hutoa kilicho chake ili mwingine apate. Mama anayelala njaa ili mwanawe ale amejitoa, kwa maana chakula kimetoka kwake kikamfikia mtoto. Lakini mama akitupa vidonge hivi, mtoto atapata nini? Tezi hii hutoa homoni inayoendesha kazi za mwili mzima. Homoni hiyo ikipungua, mwanamke huchoka, huhisi baridi, huongezeka uzito, na hedhi yake huweza kuvurugika. Mara nyingine yai halipevuki, na mimba ikitungwa huwa katika hatari kubwa zaidi ya kuharibika. Tena katika miezi 3 ya kwanza mtoto aliye tumboni hutegemea homoni ya mama yake, nao ubongo wake huihitaji ili ukue vyema. Kidonge kiitwacho levothairoksini ni homoni hiyohiyo, iliyotengenezwa ili kuziba pengo. Kwa hiyo anayekitupa hajatoa kilicho chake tu. Amemnyima mtoto kilicho chake. Hiyo si sadaka, hata kama machozi yake ni ya kweli.

Mama mkwe aweza kujibu, "Lakini sisi tulifundishwa kwamba mwenye mimba hamezi dawa ovyo." Tusimcheke. Hofu yake ina msingi. Kuna wanawake ambao tezi hiyohiyo hufanya kazi kupita kiasi: moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, mwili hukonda. Wengi wao hupewa kabimazoli, na inajulikana kwamba dawa hiyo huweza kumletea mtoto kasoro za maumbile, hasa mimba ikiwa ya juma la 6 hadi la 10. Ndiyo sababu daktari hutaka kuambiwa mapema kwamba mnatafuta mtoto. Aweza kumpa mama propilthaiourasili kwa ajili ya miezi ya mwanzo, ingawa nayo si salama kabisa, kwani mara chache huharibu ini vibaya. Wengine hutibiwa kwa iodini yenye mnururisho, kisha huambiwa wangoje angalau miezi 6 kabla ya kutafuta mimba. Hata mama wa namna hii asiache dawa kimyakimya, maana tezi inayokwenda mbio bila kutibiwa humhatarisha yeye na mtoto.

Tezi ni moja, lakini dawa moja haifai kuachwa, na nyingine huenda ikabidi ibadilishwe kabla ya mimba. Anayesema "dawa zote ni mbaya" na anayesema "meza tu, usiulize" wote wamekosea. Upendo peke yake hautoshi kutuambia la kufanya. Ni lazima upendo uulize.

Mwingine atasema, "Mtoto mwenyewe hayupo. Tutakuwaje na wajibu kwa mtu ambaye hayupo?" Fikiri juu ya mtu aliyechimba kisima karibu na njia akakiacha wazi. Miaka 5 baadaye mtoto wa jirani, aliyezaliwa baada ya kisima kuchimbwa, anatumbukia humo. Je, mtu huyo atajitetea kwamba siku ile mtoto hakuwapo duniani? Hatutamkubalia. Wajibu wetu kwa watoto huanza kabla hatujaziona nyuso zao. Kwa sababu hiyo, kungoja miezi 6 kwa shauri la daktari si kumkataa mtoto. Ni uzazi wenye kuwajibika, ambao Papa Paulo VI aliuzungumzia katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968. Lakini wanaofuata njia ya asili wakumbuke kwamba ugonjwa wa tezi huvuruga mzunguko wa hedhi na kufanya dalili ziwe ngumu kusomeka. Watafute mwalimu aliyefunzwa.

Sasa natoa swali gumu zaidi. Itakuwaje ikiwa mtoto hatakuja kamwe? Je, vidonge vile vitakuwa vimemezwa bure? Hasha. Mke si chungu kinachotunzwa kwa sababu ya kitakachopikwa ndani yake. Alikuwa na thamani yake kabla ya arusi, na atakuwa nayo hata nyumba ikikaa bila kilio cha mtoto mchanga. Kanisa hufundisha kwamba mtoto ni zawadi, wala si kitu ambacho mtu anaweza kukidai kama haki yake. Tena siku ile mbele ya altare mliahidiana uaminifu katika afya na katika maradhi. Hakuna aliyeongeza, "mradi azae."

Basi wewe bwana uliyesema "chagua", nakuomba kwa upole: rudisha neno lako. Ulimpa mke wako mambo mawili yapigane, nayo ni marafiki. Usimtume kliniki peke yake. Fuatana naye, usikie mwenyewe, na wewe pia ukubali kupimwa, kwa sababu mara nyingi kizuizi kiko kwa mwanamume au kwa wote wawili. Mama yako mheshimu, lakini mambo ya chumbani usimwachie ayaamue. Anayemeza dawa ni mkeo, na neno lake kuhusu mwili wake lisikilizwe kwanza.

Nawe mama, usivitupe vidonge, wala usivifiche chini ya nguo. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Mwambie daktari waziwazi kwamba mnatafuta mtoto, na upimwe damu, kipimo kiitwacho TSH, kabla ya mimba. Kidonge cha levothairoksini humezwa kwa maji tumbo likiwa tupu, nusu saa au saa moja kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalisiamu vikae mbali nacho kwa saa 4, la sivyo vitakizuia kuingia mwilini. Mkubaliane mapema na daktari utakavyofanya hedhi ikikosekana, maana mjamzito huhitaji homoni zaidi. Mwongozo wa madaktari wa tezi wa Marekani wa mwaka 2017 unataja kumeza vidonge 9 kwa juma badala ya 7 mara mimba inapojulikana, kisha damu ipimwe kila baada ya majuma 4 hivi mpaka katikati ya mimba. Usijiongezee bila shauri lake.

Jioni ya leo, watoto wa jirani wakishalala na kelele zikiisha, ketini wawili. Wekeni pakiti ya dawa mezani, mahali ambapo nyote mnaiona. Kisha mwulize mwenzako: tangu tuanze kumtafuta mtoto, ni lini mara ya mwisho nilikuuliza wewe unajisikiaje?